Shabiki anapekuliwa, mlango wa kutokea unafungwa

Bunia, Ituri – Kanuni za usalama kwenye mechi za mpira zinamlenga mtu mmoja tu, naye ni shabiki. Asilete chupa. Asilete mti wa bendera. Afungue mfuko, ainue mikono, apite haraka. Mama mwenye beseni la karanga anarudishwa kwa jina la usafi, na mtoto aliyekuja bila mkubwa anaambiwa arudi nyumbani. Kumzuia mtu asiingie na chupa ya kioo si kosa. Lakini mtu akifuata habari za vifo kwenye viwanja vya Kongo, mmoja baada ya mwingine, hatakuta beseni la karanga hata mara moja.

Atakuta Butembo. Ni Jumapili, tarehe 14 Septemba 2008, mechi ya Nyuki na Socozaki, timu mbili za mji uleule. Kipa wa Nyuki alishutumiwa kwamba anafanya uchawi uwanjani, ngumi zikaanza, kamanda wa polisi aliyetaka kutuliza watu akapigwa mawe. Polisi wakarusha gesi ya machozi. Umati wote ukakimbilia milango kwa wakati mmoja. Kwa hesabu iliyotangazwa siku zile, watu 13 walikufa, wengi wao watoto na vijana. Hawakuuawa na uchawi wala mawe. Walikanyagwa na kukosa hewa wakitafuta njia ya kutoka.

Atakuta pia Kinshasa, tarehe 11 Mei 2014, uwanja wa Tata Raphaël, V.Club na Mazembe. Mashabiki wa nyumbani walikasirika timu yao ikiwa nyuma, wakatupa vitu uwanjani, polisi wakajibu kwa gesi. Watu 15 walikufa. Nje ya Kongo habari inafanana: Accra mwaka 2001, watu zaidi ya 120, Malang, Indonesia, Oktoba 2022, watu 135, gesi ikirushwa kuelekea majukwaa yenye milango myembamba.

Ajabu ni kwamba kanuni ya kuzuia jambo hili ipo tayari, tena imeandikwa na FIFA yenyewe katika kitabu chake cha usalama wa viwanja: wanaolinda uwanja wasibebe silaha ya moto wala gesi ya kutawanya umati. Kanuni hiyo haimgusi shabiki, inamgusa mwenye kofia na bunduki. Labda ndiyo sababu haibandikwi langoni.

Polisi nao wana hoja. Jiwe linaumiza, na mtu anayepigwa mawe hawezi kukaa akisoma kitabu cha FIFA. Ni kweli pia kwamba mashabiki wengine wanakuja uwanjani wamekwisha kunywa, wakitafuta vita kuliko mpira. Aliyerusha jiwe akamatwe. Gesi haimkamati yeye. Inamtafuta mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekaa safu ya chini.

Kwa Bunia jambo hili lina uzito wa pekee. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, na wakubwa wa usalama wana sababu ya kweli ya kuogopa mkusanyiko wa watu. Hakuna aliyesahau site ya Plaine Savo, Djugu, ambako watu wapatao 60 waliuawa usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022. Lakini woga huohuo uko ndani ya mashabiki. Mjini Bunia kuna familia zilizotoka Djugu na Irumu zikikimbia sauti ya risasi, na watoto wao ndio wanaojaza kando za viwanja siku ya mechi. Bomu la gesi likilipuka mbele ya mtoto wa namna hiyo, hangoji kujua ni gesi au ni kitu kingine. Anafanya alichojifunza kule kijijini: anakimbia. Wengine wakimwona wanakimbia. Kwa hiyo uwanja wa Ituri unahitaji njia nyingi za kutokea kuliko uwanja wa mahali penye amani. Mahali pengi wanafanya kinyume: wanaacha mlango mmoja wazi ili kukusanya pesa ya tiketi vizuri, mingine inafungwa kwa kufuli, na watu wanaambiwa ni kwa usalama wao.

Kanuni ya kuhesabu watu, ambayo mashabiki wengi wanaichukia, ni nzuri. Tarehe 29 Oktoba 2022, katika tamasha la Fally Ipupa kwenye Stade des Martyrs, watu 11 walikufa baada ya uwanja kupokea watu kuliko uwezo wake. Aliyeuza nafasi zisizokuwepo ndiye wa kuulizwa, kabla ya aliyenunua. Nairobi, Agosti 2025, mashabiki walivunja mageti ya Kasarani wakati wa CHAN, na CAF ikaamua kwamba mechi ya Kenya na Zambia iingiwe na watu 27,000 tu katika uwanja unaobeba 48,000. Maelfu walikaa nje kwa kosa la wachache na la waandalizi waliopanga mageti vibaya. Ilikuwa adhabu kali, lakini angalau ilihesabu watu na nafasi, mambo mawili yanayoua kweli.

Kuhusu kanuni za afya, Ituri haihitaji kufundishwa. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 iliua watu zaidi ya 2,280, wengi wao Kivu ya Kaskazini na wengine hapa Ituri. Watu walijifunza kunawa kwa maji ya klorini na kusimama wapimwe joto la mwili. Mwanzoni wengi walikataa, hata timu za afya zilishambuliwa. Mahali ambapo machifu, mapadri, wachungaji na wamama wa kartie walieleza sababu, watu walikubali. Ndoo ya kunawia kwenye lango la uwanja haikumkasirisha mtu aliyekwisha kuelewa kazi yake.

Kisha Machi 2020 ikaja amri ya Korona: mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 marufuku nchi nzima, viwanja vifungwe. Wakati ugonjwa ulikuwa haujulikani vizuri, amri hiyo ilieleweka. Ila iliandikwa Kinshasa kwa mtu mwenye nyumba. Katika site za deplase mjini Bunia, Kigonze na ile ya ISP, familia nzima inalala chini ya bashi moja, na bashi moja inakaribia kugusa nyingine. Kwa maandishi ya amri, vijana waliotoka humo kwenda kukimbia uwanjani, penye upepo na nafasi, ndio walikuwa wavunja sheria. Kurudi chini ya bashi ndiko kulikuwa kutii. Viwanja vilibaki vimefungwa kisheria hadi Agosti mwaka ule.

Kwa deplase, mechi ya jioni si anasa. Shamba limebaki kijijini, kazi ni ya kubahatisha, chakula cha msaada kinachelewa. Mpira ni saa mbili ambamo mtu anapiga kelele kwa sababu ya furaha, akiwa amekaa karibu na mtu wa kabila ambalo aliambiwa alikimbie. Kila kizuizi kisicho na sababu kinampunguzia mtu huyo kitu ambacho hakuna shirika linalokigawa kwa listi.

Basi kabla ya mechi kubwa ijayo, viongozi wa mpira, meya na polisi wakikaa kupanga, waanze na milango. Ni mingapi, inafunguka kuelekea nje au ndani, na nani ana ufunguo wa kila mmoja kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho? Mtu huyo asimame mlangoni pake, asiende kutazama mpira. Mechi ianze mapema, maana hapa giza linaingia karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na watu wa site wanarudi kwa miguu. Watu wa Msalaba Mwekundu wawe ndani tangu mwanzo, na maji ya kunywa yawepo, hasa pale ambapo chupa zimekatazwa. Gesi ibaki kwenye gari, nje ya ukuta.

Yakishapangwa hayo, waseme pia ni kwa nini yule mama wa karanga alirudishwa.