Kabla ya kununua kifaa cha kudondosha oili kwenye cheni

MSIMU wa mavuno unapofika katika uwanda wa Ufipa, pikipiki ndiyo lori la mkulima mdogo. Gunia la mahindi, maharage au alizeti hutoka shambani hadi barabara kuu ya Tunduma hadi Sumbawanga likiwa nyuma ya pikipiki. Barabara hiyo iliwekwa lami katika muongo wa 2010, lakini njia nyingi zinazoingia Laela kutoka vijijini bado ni za udongo. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope.

Mzigo huo wote unavutwa na cheni moja. Ikikatika njiani, abiria hulazimika kutembea, mzigo hulala porini na dereva hukosa hesabu ya siku. Ikikatika kwenye mteremko na kukwama kwenye gurudumu, yanayofuata yanaweza kuwa mabaya zaidi ya hasara.

Ndiyo maana vifaa vinavyodondosha oili kwenye cheni vyenyewe, pikipiki ikiwa inatembea, vinavutia. Ni jambo jema. Hata hivyo, tunawashauri wakulima na wafanyabiashara wadogo wasitoe fedha kabla ya kujua wananunua nini.

Vifaa hivi viko vya aina nne. Ya kwanza ni kichupa cha oili chenye mrija, ambacho dereva hukibonyeza mwenyewe kwa mkono. Ya pili ni ile ambayo oili hushuka kwa uzito wake kupitia koki ndogo. Ya tatu hufunguliwa na mvuto wa hewa wa injini, kama vile Scottoiler ya Scotland: injini ikiwaka oili inashuka, ikizimwa inakata. Ya nne inaendeshwa kwa umeme wa betri, nayo ndiyo ghali zaidi.

Kwa maoni yetu, aina ya tatu ina tatizo kwa pikipiki ndogo za silinda moja zinazofanya kazi huku. Mrija wake lazima uunganishwe kwenye njia ya hewa kati ya kabureta na injini. Fundi akitoboa vibaya, hewa itaingia isipotakiwa, injini itachemka kupita kiasi na nguvu itapungua. Mtu ataokoa cheni na kuua injini.

Aina ya pili ni rahisi na fundi yeyote anaweza kuifunga. Lakini dereva akisahau kufunga koki anapoegesha, oili yote itamwagika chini. Isitoshe, oili hubadilika na joto. Uwanda wa Ufipa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na asubuhi za Juni na Julai ni baridi kali, hivyo oili huwa nzito na hushuka kwa shida. Dereva huyo huyo akiteremka Bonde la Ziwa Rukwa, lililo kwenye mita 800 hivi, oili inakuwa nyepesi na kumwagika. Inaweza kurukia tairi la nyuma akiwa mteremkoni. Koki iliyopimwa Laela asubuhi lazima ipimwe tena bondeni.

Kipimo kinachotosha ni kitone kimoja hadi viwili kwa dakika. Vitone 20 ni takribani mililita moja. Kichupa cha mililita 50 kwa kitone kimoja kwa dakika kitaisha baada ya saa 16 hivi za kutembea. Kwa dereva anayefanya kazi kutwa hizo ni siku mbili au tatu tu. Anayenunua kifaa ajue kuwa ananunua na gharama ya oili ya kila wiki.

Lipo pia suala la vumbi. Oili iliyo wazi hushika mchanga, na mchanga uliochanganyika na oili husaga cheni na sproketi kama tupa. Kwa hiyo kifaa hiki kinamfaa zaidi mwenye kusafiri umbali mrefu kwenye lami. Kwa anayeshinda kwenye njia za mashamba, kinga ya kwanza ni kava la cheni. Inasikitisha kwamba wengi hulivua kwa sababu linapiga kelele au linamchelewesha fundi. Lirudishwe kwanza, kifaa kifuate.

Baada ya hapo, kila baada ya kilomita 500 hivi, na mapema zaidi wakati wa masika, cheni isafishwe kwa brashi na mafuta ya taa, ifutwe, kisha ipakwe oili ya gia. Ilegee sentimeta 2 hadi 3 katikati, si zaidi. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini isitumike, kwani imebeba masizi na chembe za chuma. Na cheni mpya isifungwe kwenye sproketi zilizolika. Seti ibadilishwe yote.

Mwisho, tuseme jambo ambalo halisemwi sana. Pikipiki nyingi si mali ya anayeziendesha. Tajiri anasubiri hesabu, dereva anatafuta hesabu, na cheni haina mwenyewe. Dereva haoni sababu ya kutia oili mali ya mtu, na tajiri hajui hali ya cheni hadi siku ya kukatika. Hakuna kifaa kitakachoponya ugonjwa huo.

Tunatoa wito kwa wamiliki na madereva waandikiane tangu mwanzo: nani ananunua oili, nani anabadilisha seti, na cheni itakaguliwa siku gani ya wiki. Nao wanaouza vifaa hivi wawaambie wateja ukweli kuhusu matumizi yake, badala ya kuwaahidi kwamba hawatagusa cheni tena.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Gharama ya brashi, mafuta ya taa kidogo na kava la cheni ni ndogo. Mkulima aanze na hivyo, ndipo apige hesabu kama kifaa cha kudondosha oili kitamlipa.