Gita la Mkono si Kichekesho

Iko tabia iliyozoeleka miongoni mwetu, na hasa miongoni mwetu tuliosoma, ya kucheka tunapomwona kijana amebeba gita alilolichonga mwenyewe. Likiwa la bati la mafuta na nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, tunaliita mchezo wa watoto. Likiunganishwa na redio kuukuu na kutiwa umeme, tunaliita uhuni. Wako na wengine wenye huruma zaidi, ambao hulinunua na kulitundika ukutani, wakausifu ubunifu wa maskini. Mimi nasema kwamba makundi haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna hata moja linalouliza swali ambalo fundi mwenyewe hujiuliza kila siku: je, gita hili linalia sawasawa?

Chukua Makambako. Mji huu uko njia panda: hapo barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia hukutana na ile ya Njombe na Songea, na hapo hapo pana stesheni ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Nchi inayouzunguka ni nchi ya miti: misindano, mikaratusi na miwati. Malori ya mbao huteremka kuelekea pwani, na kutoka pwani hupanda maboksi yenye magita ya kiwandani. Mbao inatoka, gita linaingia. Katikati ya misafara hiyo miwili amesimama kijana aliyefundishwa kuamini kwamba mbao ya kwao inafaa kenchi na majeneza tu.

Ni nani aliyemfundisha hivyo? Si waliovumbua gita la kiwandani. Leo Fender wa Marekani, ambaye jina lake limo katika magita ya umeme ulimwenguni kote, alipotengeneza gita lake la majaribio mwaka 1949, kiwiliwili chake kilikuwa cha msindano. Baadaye alihamia mbao ngumu zaidi, na alikuwa na haki, maana msindano hubonyea upesi. Wala sidai kwamba shingo ya gita ichongwe kwa msindano. Itapinda kwa mvuto wa nyuzi. Lakini mninga unao, ewe Mtanzania, na mpingo unao. Mpingo huo huo husafirishwa kwenda Ulaya kutengenezewa zumari za okestra, nasi tukipata moja ya hizo tunaishika kwa adabu kama kitu kilichoshuka mbinguni.

Sasa tuingie ndani ya chombo. Kinacholifanya gita liwe la umeme ni kitu kidogo kilichowekwa chini ya nyuzi: sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa katika waya, na mkondo huo hupelekwa kwenye kikuza sauti. Kanuni hii iligunduliwa na Faraday mwaka 1831, nayo hufundishwa katika somo la fizikia katika shule zetu za sekondari. Sumaku imo katika kila spika mbovu. Uzi wa breki ya baiskeli, tuliokuwa tukiucheka, ni wa chuma, kwa hiyo sumaku huusikia. Uzi wa nailoni, japo ni mzuri zaidi kwa macho, hausikiki hata kidogo. Fundi wa mtaani aligundua jambo hili kwa kujaribu na kukosea, huku mwanafunzi aliyelikariri darasani akipita pembeni yake akicheka.

Nitakubali bila kusitasita kwamba magita mengi ya mkono yana kasoro. Ukiyapiga karibu na kichwa cha gita yanapatana. Ukipanda shingoni yanaanza kuchafua wimbo. Lakini kasoro hiyo haitokani na mkono. Inatokana na vile vipande vya chuma vinavyoigawa shingo, ambavyo fundi amevipanga kwa kukadiria kwa jicho. Kiwanda hakikadirii. Huchukua urefu wa uzi, tuseme milimita 648, hugawa kwa 17.817, na jibu, milimita 36.4, ndiyo nafasi ya kipande cha kwanza. Kisha hugawa urefu uliobaki kwa namba ile ile, hupata 34.3, na kuendelea hivyo. Ukifika cha kumi na mbili lazima uwe katikati kabisa ya uzi, milimita 324. Kama hukufika hapo, rudia hesabu. Hiyo ndiyo siri kubwa ya Marekani na Japani. Mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye rula na penseli anaiweza kwa mchana mmoja.

Najua yuko atakayesema kwamba kumpa fundi rula hiyo ni kumtia katika kasumba ya Ulaya, kwa kuwa Waafrika tuna mpangilio wetu wa sauti. Hoja hii ina heshima yake. Zeze na marimba za Wagogo, alizozipiga na kuzitengeneza marehemu Hukwe Zawose, hazikosei zinapotofautiana na piano. Zina sheria yake, na sheria hiyo ni kali. Lakini kijana wa Makambako anayechonga gita ili limsindikize mpiga kinanda wa kwaya yake hakuchagua sheria ya Wagogo. Amechagua sheria ya kinanda, kisha tumemnyima rula yake. Kumsifu kwa kukosea ni kumdharau kwa maneno matamu.

Mwaka 1963 kijana mmoja wa Uingereza, Brian May, kwa kukosa fedha za kununua gita la kiwandani, alianza kutengeneza lake nyumbani pamoja na baba yake. Shingo waliichonga kutokana na ubao wa meko ya zamani. Springi zilitoka katika pikipiki kuukuu. Vinasa sauti vya sumaku alivijitengenezea pia, na vilipomshinda akanunua vya kiwandani akavitia humo, bila kuona haya. Kwa gita hilo alipiga katika bendi ya Queen, iliyoimbiwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Na kwa gita hilo walisimama mbele ya ulimwengu mzima mwaka 1985 katika uwanja wa Wembley. Hakuna aliyeliita la maskini. Na huyo May alikuwa mwanafunzi wa fizikia, akaja kupata udaktari wa elimu ya nyota. Hakuna mwalimu aliyemwambia achague moja, kitabu au randa.

Sisi je? Katika bendi zetu nyingi za mashirika, tangu NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964, vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mpigaji aliyehama aliondoka na vidole vyake tu. Nyimbo zilikuwa zake, sauti ilikuwa yake, lakini chombo cha kutolea sauti hiyo alikiazima, nacho kilipoharibika, alisubiri fedha za kigeni. Twajivunia sana muziki wa miaka ile, na ni haki yetu, ila hatupendi kutaja jambo hilo.

Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na mkondo wa amali umeingia katika sekondari zetu mwaka 2024. Basi mwalimu wa fizikia, wa hesabu na wa useremala wakutane juu ya benchi moja. Gita linalokutwa bwenini lisivunjwe wala kufungiwa ofisini. Lipimwe kwa rula mbele ya darasa, na mwenye gita ashike rula hiyo. Vigingi vya kukazia nyuzi, pamoja na nyuzi zenyewe kwa wanaoweza, vinunuliwe dukani, kama May alivyonunua vinasa sauti vyake. Mbao isinunuliwe. Imelala kando ya barabara, inasubiri lori.