Ziwa letu si sahani tu

Ndugu wachimbaji, mama na vijana wa Butembo, Beni na Lubero, leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo wengi kwetu wanalihesabu kuwa mambo ya wazungu: kwenda kuangalia ndege na nyama wa pori bila kuua, bila kuuza, bila kurudi na kitu ndani ya mfuko. Sisi tunasema hivi: Kyavinyonge iko hapa karibu, ziwa Edouard ni letu, na kulitazama ni haki yetu sawa vile kula samaki wake. Tena watu wasiozoea kutazama ziwa lao wataamka siku moja wakute limekwisha, na hawatajua lilianza kwisha lini.

Kwa nini tunaanza na ninyi wachimbaji? Juu ninyi ndio mnajua giza. Mtu anakaa wiki nzima ndani ya shimo, lampe kwenye kichwa, udongo ndani ya macho na ndani ya kifua. Akitoka na gramu zake mbili tatu, mji unamngoja: madeni, kasiksi, muziki, na franga zinaisha mbele ya siku ya Mungu. Hatukuje kuhubiri. Lakini macho nayo yanachoka, na kuko pumziko ambalo baba anaweza kulipata pamoja na bibi na watoto wake, si peke yake na chupa.

Ukishuka kutoka milimani kwenda Kyavinyonge, baridi inabaki nyuma, joto linakupokea, na mara moja maji yanafunguka mbele yako. Ziwa hili liko na eneo la kilometre za mraba karibu 2 300, na sehemu kubwa iko upande wetu wa Kongo. Mbingu zikiwa safi, upande wa kaskazini-mashariki unaona Ruwenzori, mlima wa metre 5 109 wenye barafu juu yake. Na hapo karibu, pale Ishango, mto Semuliki unatoka ndani ya ziwa, unakwenda mpaka ziwa Albert, kisha unaingia katika Nili. Mtoto wako akitupa jani pale, mwambie maji yaliyolibeba yana safari mpaka Misri. Ni jografia ambayo hakuna mwalimu anaweza kuifundisha vizuri kama ile.

Ndege sasa. Tuchukue watatu tu, juu wako mingi mno: parki nzima ya Virunga iko na aina zaidi ya 700. Wa kwanza ni pelikani, yule mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo. Hawavui kila mmoja kivyake. Wanajipanga, wanazunguka samaki, wanawasukuma mahali pamoja, kisha vichwa vyote vinaingia ndani ya maji mara moja. Ekipe inayovuta kamba ya shimo inaelewa kazi hiyo bila kuelezwa. Wa pili ni mdiria, ndege mdogo wa rangi nyeusi na nyeupe, anayesimama hewani akipiga mabawa mbele ya kujitupa majini. Huyo ni mchimbaji mwenzenu kabisa. Anatoboa ukingo wa udongo kwa mdomo, anatoa mchanga kwa miguu, dume na jike kwa zamu, mpaka shimo linapita metre moja ndani, na mwisho wake ndipo wanatagia mayai. Wa tatu ni mbayuwayu. Wengine tunaowaona kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa tatu wametoka Ulaya kukimbia baridi. Wanakuja bila viza, na wanarudi.

Viboko nao ni habari kubwa, na ni habari ya huzuni. Katika miaka ya 1970 parki ya Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 25 000. Hakuna mahali pengine katika dunia palikuwa na wengi hivyo. Vita zikaja, silaha zikaenea, viboko wakauawa kwa nyama na kwa meno, na katika miaka ya 2000 walibaki chini ya 1 000. Wengine watasema: vizuri, hatari imepungua. Lakini tusikilize wavuvi wazee. Kiboko anakula majani inchi kavu usiku, karibu kilo 40, asubuhi anarudi majini na kuacha mavi yake mule. Mavi yale yanalisha vijidudu na majani madogo ya maji, na hivyo ndivyo vinalisha tilapia. Aliyeua kiboko kwa nyama ya siku mbili alipunguza chakula cha samaki wa miaka mingi.

Na hapa lugha yetu yenyewe inatushitaki kidogo. Kwetu tunasema nyama kwa kile kilicho ndani ya sufuria, na tunasema nyama kwa kile kinachotembea porini. Neno moja tu. Ndiyo sababu mtoto akiona swala anauliza kama ni mtamu. Si kosa la mtoto. Hakuna aliyemwonyesha kitu kingine.

Tunajua mtatujibu nini. Watu wa Kyavinyonge watasema: ninyi wa mji mnakuja kufurahi saa mbili, sisi tunalala na viboko kwenye mlango, tembo wanaharibu mashamba, na kila tukigusa mpaka wa parki tuko na kesi. Ni kweli, na hatutaki kuifunika. Mama ambaye shamba lake limelaliwa na tembo hawezi kushiba uzuri wa tembo. Kwa hiyo faida ya kutazama lazima ifike kwake kwanza. Angalieni ng'ambo, upande wa Uganda: ziwa ni hilohilo, viboko ni ndugu za wale wa kwetu, na watu kutoka nchi za mbali wanalipa kupanda mashua katika mfereji wa Kazinga ili wawaone tu. Mwenye mashua anapata, mpishi anapata, kijana anayejua majina ya ndege anapata. Kwetu, kijana mwenye pirogi anajua njia moja tu ya kupata: nyavu, na mara nyingine nyavu zenye matundu madogo zinazokamata hata watoto wa samaki.

Wengine watasema: usalama uko wapi? Hilo nalo ni kweli. Vita imefunga njia mingi, na hatumwambii mtu apeleke watoto wake kwenye hatari. Uliza habari ya njia kwanza, na siku ikiwa mbaya, baki nyumbani. Lakini vita isitufundishe kusahau kile tunachokingoja. Parki hii iliwekwa mwaka 1925, ikaandikwa urithi wa dunia mwaka 1979, na toka 1994 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2014 kampuni ya Uingereza iliyotafuta petroli mpaka ndani ya ziwa ilisimamisha kazi, juu watu wa hapa na wa ng'ambo walikataa. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba mwingine hatakuja. Siku atakapokuja, atakayesimama ni yule anayelipenda ziwa, na mtu hapendi kitu asichokijua.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Wakubwa wa parki na wa kijiji waweke pale ukingoni mahali salama ambapo familia ya kwetu inaweza kukaa na kutazama kwa franga kidogo, na watoto wa shule waingie bure. Vijana wa Kyavinyonge wafundishwe kazi ya kuongoza wageni, na franga hizo zibaki kijijini. Na sisi wageni tuwe na adabu: tusikaribie kiboko, tusiogelee ovyo, tusiache masashe na chupa, tusinunue nyama ya pori wala samaki mdogo kuliko mkono.

Pale Ishango, mwaka 1950, mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo uliochorwa alama nyingi, kama mtu aliyekuwa akihesabu. Umri wake ni miaka karibu 20 000, na leo uko Bruxelles. Waliouchora walivua samaki katika maji haya, na ziwa likatufikia.

Ninyi mnajua vizuri kuliko sisi kwamba shimo la dhahabu likiisha limeisha; unahama, unaanza pengine. Ziwa likipewa pumziko linazaa tena. Basi gramu zikipatikana na njia ikiwa salama, toeni siku moja, beba bukari yenu, peleka watoto ukingoni asubuhi mapema, kaeni kimya. Mwache mdiria awaonyeshe kazi yake.