Kinini mbele ya chanjo: kosa liko kwetu pia



Tukizunguka vijijini kuangalia pepinyeri za kahawa na kakao, tunakutana na wamama njiani wakienda kwenye kituo cha afya, fishi ya chanjo mukononi. Mwezi uliopita mama mumoja alitusimamisha kutuuliza saa. Mutoto wake wa mwezi mumoja na nusu alikuwa mugongoni. Akatuambia bila kuficha kama asubuhi alimupa nusu ya kinini cha parasetamole, «juu homa isimukamate usiku. Kesho niko na salongo ya koperative, nisipokuja nitalipa amande.»

Hatukumugombeza. Lakini neno lile halitutoki kichwani, juu ndani yake mulikuwa makosa mawili, na moja si la mama. Ni letu.

Tuanze na kinini. Chanjo inaonyesha mwili alama ya ugonjwa, ili mwili ujifunze kupigana mbele ugonjwa wenyewe haujafika. Homa kidogo, mukono au paja kuvimba, mutoto kulialia: mara nyingi hiyo ni mwili uko kazini. Munajua vile tunafanya kwenye pepinyeri. Tunapunguza kivuli pole pole, majani yanalegea siku mbili tatu, kisha mumea unazoea jua. Mwenye kuogopa na kurudisha kivuli chote mara moja, anapanda mumea teketeke.

Na si maneno ya pepinyeri tu. Katika mwaka wa 2009, gazeti la waganga The Lancet lilitangaza uchunguzi uliofanywa katika nchi ya Czech juu ya watoto wachanga 459. Kundi moja lilipewa parasetamole mara tatu katika siku ya chanjo, ya kuzuia homa, na kundi lingine halikupewa. Ni kweli, homa ilipunguka: kwa chanjo za kwanza ilikamata watoto 42 kwa mia pahali pa 66 kwa mia. Lakini askari wa mwili wenye chanjo inatengeneza, nao walipunguka kwa magonjwa mengi kati ya yale. Watoto wengi walibaki na kinga ya kutosha, ndiyo maana mama mwenye alikwisha kumupa mutoto kinini asishikwe na woga, na asiombe kurudilia chanjo. Lakini mara ya kufuata, asimupe mbele. Ni vile pia Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri: dawa ya kuzuia isitolewe hivi hivi mbele ya sindano. Muganga mwenyewe akikuambia ufanye tofauti kwa mutoto wako, umufuate yeye.

Kisha ile nusu. Hapo ndipo tuliogopa zaidi. Kinini cha mukubwa kiko na miligramu 500. Mutoto wa kilo tano anastahili miligramu 50 mupaka 75 kwa mara moja. Nusu ya kinini ni 250, ni kusema zaidi ya mara tatu ya kipimo, na parasetamole ikizidi inaharibu maini. Tafazali, musikate kinini cha mukubwa kwa macho na kumupa mutoto. Muombe muganga dawa ya watoto na kipimo kulingana na kilo zake. Mutoto mwenye hajafika miezi mitatu, musimupe hata kidogo bila kumuuliza muganga. Na aspirini, musimupe mutoto hata siku moja.

Hatusemi mutoto ateseke. Kisha sindano, homa ikija kweli, ama akilia juu ya maumivu, parasetamole kwa kipimo chake ni nzuri. Munyonyeshe sana, mupunguze nguo, mulaze pahali pa hewa. Ni kumupa mbele, wakati hana kitu, ndiko tunakataa.

Tena kwa chanjo ya surua, ile ya miezi tisa, kinini cha asubuhi hakisaidii hata homa yenyewe. Homa yake mara nyingi inakuja kisha siku saba mupaka kumi na mbili. Unamumezesha mutoto dawa siku ya bure.

Huku kwetu kuna hatari ingine, na ndiyo inaua: malaria. Homa ya chanjo ya Penta kawaida inaanza siku ile ama ya kesho yake, na inaisha ndani ya siku mbili. Homa yenye inapita hapo, musiseme «ni chanjo». Kinini kitaishusha jioni, mutoto atacheka, na malaria itaendelea kutumika ndani. Mupelekeni wapime damu. Na akikataa titi, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege ama akilala bila kuamuka, hapo hakuna kuhesabu siku, mukimbie saa ile ile.

Wababa nao wasicheke. Wakati wa Ebola ya 2018 mupaka 2020 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, watu zaidi ya laki tatu walipata chanjo, na wengi walijua ile homa, kichwa na viungo kuuma. Mukubwa anaweza kumeza parasetamole kisha sindano, vinini viwili vya 500 kwa mara moja, visipite vinane kwa siku moja nzima, kati yake masaa sita. Lakini tunaona watu wanachanganya na diklofenake, wanaongeza dawa ya mafua yenye ndani yake muna parasetamole ingine, kisha kasiksi juu, ili asubuhi waende shambani. Ile si dawa tena.

Sasa tuje kwetu. Mama yule hakuogopa homa. Aliogopa amande. Tunahubiri afya kwenye mikutano, halafu tunaita salongo siku moja kisha chanjo na kuandika majina ya wenye hawakukuja. Kwa mawazo yetu, kila koperative itume mwandishi wake kwenye kituo cha afya mwanzo wa mwezi, aulize siku za chanjo, na siku ya kufuata isiwekwe salongo wala kupima mavuno. Kama kazi haiwezi kungoja, juu mvua haitungojei, basi mama ama baba mwenye kubaki na mutoto asilipe kitu.

Wengine wanatuambia watu watadanganya. Watadanganya namna gani? Fishi ya chanjo iko na tarehe iliyoandikwa na muganga. Mwandishi aiangalie, aandike «yuko» kwenye daftari, na amande ile ifutwe.