Bustani ya Nyumbani: Pima maji kwanza, ardhi baadaye



Bustani yangu ya kwanza ilikufa. Nilikuwa nakaa tambarare, chini ya Milima ya Upare. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha. Ardhi ilikuwa laini. Nililima eneo kubwa. Niliuza mbuzi mmoja, nikanunua mbegu za nyanya, kabichi na vitunguu.

Mwezi wa sita mvua zilikwisha. Mke wangu na binti yetu walibeba maji kutoka mbali. Kila siku walibeba, na kila siku hayakutosha. Mwezi wa nane bustani ilikauka. Mbuzi alikwenda, na mboga hatukula.

Kosa langu lilikuwa moja. Nilipima ardhi kabla ya kupima maji.

NDIVA YA NYUMBANI

Wazee wa Upare walilijua jambo hili zamani. Walijenga ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kukusanya maji ya kijito. Usiku maji hukusanyika. Mchana hufunguliwa, yakapita katika mfereji mpaka mashambani. Kila mtu ana zamu yake. Ndiva ya Manoo, huko Bangalala, ni mfano mmoja. Mwenye akili hulima kadiri ya maji ya zamu yake.

Sisi nasi tuwe na ndiva ya nyumbani. Ndiva hiyo ni debe.

HESABU YA DEBE

Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita 1. Wakati wa kiangazi, kipande cha hatua 1 kwa hatua 1 kinahitaji lita 5 za maji kwa siku. Debe moja lina lita 20 hivi. Kwa hiyo, debe moja linatosha vipande 4.

Maji hayo si lazima yachotwe upya. Kila siku tunamwaga maji. Tunamwaga maji ya kuoshea mboga. Tunamwaga maji ya kusuuzia vyombo na nguo. Yakusanye maji hayo kwenye debe kwa siku tatu, na uhesabu. Ukipata debe moja kwa siku, lima tuta moja. Ukipata mawili, lima matuta mawili. Usizidishe.

Lakini angalia. Maji yenye sabuni nyingi yasiende kwenye mboga. Maji ya kufulia nepi za watoto pia yasiende. Mwagia kwenye udongo, si kwenye majani. Mboga zinazoliwa mbichi zipewe maji safi tu. Mwagilia asubuhi au jioni, jua likiwa si kali.

KUTENGENEZA TUTA

Pima urefu wa hatua 4 na upana wa hatua 1. Kwa upana huo, mkono utafika katikati bila kukanyaga tuta. Lima kwa kina cha jembe. Changanya udongo na madebe mawili au matatu ya samadi ya mbuzi au ng'ombe. Samadi iwe imeoza. Samadi mbichi huunguza miche.

Wakazi wa tambarare, kama Hedaru, Makanya na Kisiwani, tuta lenu liwe chini kidogo kuliko ardhi, kama sinia. Litashika maji. Wakazi wa milimani, kama Chome, Vunta na Mamba, ninyi mnapata mvua nyingi zaidi. Tuta lenu liinuke, na likingame mteremko, ili udongo usichukuliwe na maji.

Panda mbegu. Miche ikishainuka, tandaza nyasi kavu katikati yake. Nyasi huzuia jua lisinyonye maji. Zungushia miiba. Kuku na mbuzi hawangoji mboga ikue.

MBEGU ZISIZOHITAJI FEDHA NYINGI

Anza na mboga ambazo mbegu zake ziko kijijini. Omba mbegu za mchicha kwa jirani. Ni ndogo sana, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzipanda. Baada ya wiki 3 au 4 utachuma. Acha mashina mawili yatoe mbegu za msimu ujao.

Panda kunde. Kula majani kwanza, punje baadaye. Panda mashina mawili ya maboga pembeni, yatambae nje ya tuta. Kama una fedha kidogo, nunua pakiti moja ndogo ya mbegu za sukuma wiki. Nyanya zina magonjwa mengi. Zisubiri mpaka umezoea.

MATUNDA

Panda mipapai mahali maji ya kuogea yanapotokea. Chukua mbegu za papai tamu lililoiva. Osha utelezi wake, kisha zianike kivulini. Panda miche mitatu katika kila shimo. Ikitoa maua, chagua. Mpapai dume hutoa maua mengi madogo kwenye vikonyo virefu. Mpapai jike hutoa maua makubwa karibu na shina. Acha jike moja katika kila shimo. Lakini dume mmoja abaki karibu, ili majike yazae.

Tambarare, papai la kwanza utalila baada ya karibu mwaka mmoja. Milimani kwenye baridi papai huchelewa. Huko panda pasheni kwenye ua.

FAIDA YAKE

Makande ni chakula chetu. Yana nguvu ya mahindi na maharage. Lakini hayana vitamini A ya kutosha. Mboga za majani na papai zinayo. Mtoto anayeikosa huanza kushindwa kuona jioni. Akiachwa, anaweza kupofuka. Pika mboga muda mfupi, kwa mafuta kidogo. Mtoto ambaye tayari haoni jioni asingoje bustani. Mpelekeni zahanati mara moja.

Mwaka 1975 redio ilitufundisha kwamba chakula ni uhai. Neno hilo bado ni kweli.

Bustani yangu ya pili ilikuwa tuta moja tu. Watu walicheka. Mwezi wa nane ilikuwa kijani, na jirani alikuja kuomba mbegu. Nilimpa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nyumbani kwako maji kiasi gani humwagwa kwa siku?
2. Nani hubeba maji? Je, aliulizwa kabla bustani haijalimwa?
3. Ni mbegu zipi zinapatikana kijijini bila kununua?