Saa nyembamba za Uswisi: majina matatu makubwa, mashine moja

Chukua kadi mbili za benki, uweke moja juu ya nyingine. Unene wake unakaribia ule wa saa nzima ya mkono ambayo Konstantin Chaykin, fundi saa wa Moscow, alionyesha Geneva mwaka 2024: milimita 1.65. Ndani mna magurudumu ya meno na resori, hakuna betri. Miezi michache kabla yake Bulgari ilikuwa imetangaza saa ya milimita 1.70. Mwaka 2022 Richard Mille ilifika 1.75, ikiivua rekodi Bulgari hiyohiyo iliyokuwa na 1.80. Na mwaka 2018 Piaget ilikuwa imeshangaza watu kwa milimita 2.

Matangazo yanaonyesha mbio hizi kama vita kati ya majina makubwa. Lakini anayefuatilia mashine zenyewe, siyo maandishi yaliyo juu yake, anakuta mengi kati ya majina hayo yamekula kwenye sahani moja.

Sahani hiyo iko Vallée de Joux, bonde la baridi kali karibu na mpaka wa Ufaransa. Katika kijiji cha Le Sentier, Antoine LeCoultre alifungua karakana yake mwaka 1833. Mwaka 1903, Edmond Jaeger, fundi wa Paris, aliwatupia Waswisi changamoto: nani anaweza kumtengenezea mashine nyembamba aliyokuwa ameichora? Jacques-David LeCoultre, mjukuu wa Antoine, aliikubali. Mwaka 1907 karakana ikatoa mashine ya saa ya mfukoni yenye milimita 1.38. Majina mawili yaliunganishwa mwaka 1937: Jaeger-LeCoultre.

Mashine inayoeleza vizuri zaidi jambo hili ni ile iliyopewa namba 920, ya mwaka 1967. Ni mashine inayojikaza yenyewe: mkono unapotembea, kipande kizito kinazunguka na kukaza resori. Kipande hicho ndicho adui wa wembamba, maana kinakaa juu ya kila kitu kingine, na kikiwa chembamba mno ukingo wake unalegea na kukwaruza. Piaget ilikwepa tatizo mwaka 1960 kwa kukifanya kidogo na kukizamisha ndani ya mashine, ikapata milimita 2.3. Mafundi wa Le Sentier walikiacha kikubwa, chenye ukingo wa dhahabu ya karati 21, wakakitembeza juu ya reli iliyobebwa na vigurudumu vya yakuti. Jumla: milimita 2.45, au 3.05 ikiwa na tarehe.

Ajabu ni kwamba Jaeger-LeCoultre haikuitumia katika saa zake yenyewe. Ilipelekwa kwa wateja watatu. Audemars Piguet ya Le Brassus, jirani kabisa bondeni, iliiita 2121 ikaiweka ndani ya Royal Oak mwaka 1972. Patek Philippe ya Geneva iliiita 28-255, ikawa moyo wa Nautilus mwaka 1976. Mwaka uliofuata Vacheron Constantin, nayo ya Geneva, ikaitia katika saa yake 222 kwa jina la 1121. Saa tatu ambazo matajiri wanazigombania hadi leo, na mashine yao ina mama mmoja.

Je, wateja walidanganywa? Mimi sioni hivyo. Kila nyumba ilipokea mashine ambayo haijamalizika, ikang'arisha vipande, ikavirekebisha na kuvipima kwa mikono ya mafundi wake. Kazi hiyo ni ya kweli, inachukua siku nyingi. Lakini anayelipa makumi ya maelfu ya dola kwa sababu ya jina peke yake afahamu kwamba wazo gumu zaidi ndani ya saa yake lilizaliwa kwa fundi mwingine.

Na desturi haijafa. Saa ya Richard Mille, iliyouzwa karibu dola milioni 1.9, ilitengenezwa kwa ushirikiano na karakana ya Audemars Piguet iliyoko Le Locle. Bulgari ilishirikiana na Concepto, kampuni ya La Chaux-de-Fonds. Audemars Piguet yenyewe iliaga 2121 karibu miaka 50 baada ya Royal Oak ya kwanza, ikaleta 7121 mwaka 2022: milimita 3.2, nene kidogo, lakini inatembea saa 55 bila kukazwa badala ya 40. Kwa mtu anayevaa saa kila siku, mabadiliko haya yana faida kuliko rekodi yoyote.

Kwetu kuna jambo la kutazama kwa karibu. Ili saa ya milimita 2 isipinde mkononi, Piaget iliacha dhahabu, ikatumia mchanganyiko wa chuma wenye kobalti. Bulgari, kwa saa yake ya 1.80, ilitengeneza sahani ya nyuma kwa wolframu iliyounganishwa na kaboni. Kobalti na wolframu: majina ambayo mtoto wa Kolwezi au wa Kivu anayajua kabla hajajua kusoma saa. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa DRC, na mwaka 2025 Kinshasa ilisimamisha kuiuza nje kuanzia mwezi wa pili, kisha ikaweka viwango kuanzia mwezi wa kumi, ili bei ipande.

Gramu chache za saa hazibadilishi soko hilo; wanunuzi wakubwa ni viwanda vya betri. Tofauti iko katika sheria. Tangu 2017, saa haiwezi kuandikwa imetengenezwa Uswisi ikiwa chini ya asilimia 60 ya gharama za utengenezaji ndizo zilizofanyika humo nchini. Waswisi hawana mgodi wa kobalti wala wa wolframu. Walichokiwekea ulinzi ni jina la inchi na kazi ya mafundi wake. Kahawa ya Kivu, kwa upande wake, imevuka ziwa usiku kwa mitumbwi kwa miaka mingi, ikauzwa kwa jina la jirani.