Kanali Meinertzhagen na shahidi wake mmoja

Jina la Richard Meinertzhagen haliishi kuibuka. Utalikuta katika makala za magazeti ya Nairobi kuhusu Wanandi, katika vitabu vya Vita vya Kwanza vya Dunia, hata katika mazungumzo ya wapenzi wa ndege. Alizaliwa London mwaka 1878 katika ukoo wa wenye benki, akaingia jeshini 1899, akaja Afrika Mashariki 1902 kuwa afisa wa Keya (King's African Rifles), akawa Tanga 1914 na Palestina 1917, akafariki 1967. Katikati ya tarehe hizo pamepachikwa visa vingi kiasi kwamba mtu unajiuliza alipata lini muda wa kulala. Nimeyachukua madai yanayorudiwa zaidi juu yake, ya wanaomsifu na ya wanaomlaani. Sitayapa nafasi sawa, maana mengine hayastahili zaidi ya mistari michache.

"Alimwua Koitalel kwa kujihami."

Hili ndilo linalotuhusu zaidi, na ndilo linaloendelea kurudiwa na watu wanaopaswa kujua zaidi.

Koitalel arap Samoei alikuwa Orkoiyot wa Wanandi, kiongozi wa kiroho ambaye bila baraka zake hakuna aliyekwenda vitani. Kwa takriban miaka kumi kuanzia 1895 watu wake waliwasumbua Waingereza: walikata nyaya za simu, waling'oa vyuma vya reli, waliwavamia waliopita na mizigo. Hadi 1905 serikali ya kikoloni ilikuwa imeshachoka, na jeshi kubwa lilikuwa linakusanywa ili kuwavunja kabisa.

Asubuhi ya tarehe 19 Oktoba 1905, siku chache tu kabla ya jeshi hilo kuanza kazi, Meinertzhagen alikwenda kukutana na Koitalel kwenye kilima cha Ket Parak. Mkutano uliitwa wa amani. Makubaliano yalikuwa kila upande uje na watu wachache, lakini Meinertzhagen alikuwa na askari wapatao 80 karibu. Mzee alinyoosha mkono. Katika maelezo ya afisa, Koitalel alimvuta ghafla, mikuki na mishale ikaanza kuruka, naye akafyatua risasi ili kuokoa roho yake. Katika masimulizi ya Wanandi, Orkoiyot alikuja na nyasi mkononi, ishara ya amani, akapigwa risasi huku akisalimiana. Pamoja naye waliuawa zaidi ya watu ishirini wa msafara wake.

Hatuhitaji kutegemea upande wa Wanandi peke yao ili kuona maelezo ya kujihami yanavyoyumba. Inatosha kumsoma mshitakiwa mwenyewe. Katika kitabu chake *Kenya Diary*, kilichochapishwa 1957, haandiki kama mtu aliyeshtukizwa. Anaandika kama mtu aliyekwisha kuazimia kumkamata au kumwua "Laibon", kama alivyomwita Orkoiyot, akiamini kwamba kichwa kikiondoka mwili utalegea. Mtu aliyeazimia kuua, akaomba mkutano wa amani na kuja na bunduki 80, hawezi kutuambia baadaye kwamba mambo yalimtokea ghafla.

Wanaomtetea hujibu kwamba alichunguzwa mara tatu na mara zote akasafishwa. Ni kweli alisafishwa. Lakini zile zilikuwa tume za kijeshi: maafisa wakimhoji afisa mwenzao, huku waliokuwa upande wa pili wa ule mkono wameshazikwa. Isitoshe, wakubwa zake wenyewe hawakuridhika. Mwaka 1906 aliondolewa Afrika Mashariki kwa sababu tuhuma ya usaliti ilikuwa inalichafua jina la serikali. Aliyesafishwa kikamilifu hafungishwi virago.

Kuna dai jingine linaloambatana na hili, kwamba kichwa cha Koitalel kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Simulizi za Wanandi zinasema hivyo kwa uthabiti, na madai ya kukirudisha yametolewa mara nyingi. Fuvu lenyewe halijapatikana. Kilichopatikana ni fimbo zake za uongozi: zilikuwa mikononi mwa familia ya Meinertzhagen hadi 2006, mwanawe alipozitoa zikarudishwa Kenya.

"Angesikilizwa, Tanga isingekuwa fedheha."

Vita vya Tanga vya Novemba 1914 vilikuwa fedheha kubwa. Meja Jenerali Arthur Aitken alileta wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India. Kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika, na bado alishinda. Waingereza walirudi melini wakiacha ufukweni bunduki, bunduki za rashasha na risasi ambazo Lettow-Vorbeck mwenyewe alizihesabu kuwa 600,000. Nyuki nao walishiriki. Walitoka mizingani mwao wakawauma watu wa pande zote mbili, na hadithi kwamba Wajerumani waliwafunza ni porojo tupu.

Meinertzhagen alikuwa afisa wa ujasusi wa Aitken. Katika *Army Diary* anajieleza kama mtu pekee aliyejua: alimwonya jenerali kwamba askari wa Kijerumani wamefunzwa vizuri, jenerali akacheka. Sehemu ya hili ina msingi. Kwamba Aitken aliwadharau Waafrika na kukataa kuwachukua Keya waliokuwa tayari kumsaidia ni jambo linalojulikana bila kumtegemea Meinertzhagen. Lakini kitabu hicho kilitoka 1960. Aitken alikuwa amefariki tangu 1924. Afisa wa ujasusi wa jeshi lililoingia mahali bila kujua linakutana na nani anapaswa kuulizwa maswali yaleyale anayoulizwa jenerali wake, na kitabu hakimwulizi hata moja.

Kazi aliyoifanya baada ya Tanga ilikuwa ya maana. Alijenga mtandao wa wapelelezi ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 1916 alipewa nishani ya DSO. Wasomaji wengi wanakumbuka kisa chake cha kuokota karatasi zilizotupwa kwenye vyoo vya kambi za Wajerumani, kwa kuwa maafisa walikosa karatasi nyingine wakatumia barua na amri za jeshi. Kisa kinachekesha na huenda ni cha kweli. Lakini aliyeingia kwenye vile vyoo si Meinertzhagen. Ni Waafrika waliotumwa, na sifa haikuwafikia.

"Ndiye aliyebuni hila ya shanta na kuwadanganya Waturuki."

Hapa ndipo jina lake lilipopata umaarufu wa dunia. Oktoba 1917 Jenerali Allenby alitaka kuuvunja mstari wa ulinzi wa Gaza na Beersheba huko Palestina. Ili Waturuki waamini kwamba pigo kuu litakuja Gaza, afisa mmoja wa Kiingereza alipanda farasi mpaka karibu na walinzi wao, akajifanya amejeruhiwa, akakimbia na kuangusha shanta yenye damu. Ndani mlikuwa na fedha, hati za jeshi za uongo, na barua ya mke aliyetoka kujifungua, ili ionekane hakuna mtu angeacha vitu kama hivyo kwa makusudi. Beersheba ilianguka tarehe 31 Oktoba. Meinertzhagen alidai kwamba wazo lilikuwa lake, hati alizitengeneza yeye na farasi alipanda yeye. Filamu na vitabu vimemfuata.

Brian Garfield, katika kitabu chake cha 2007 *The Meinertzhagen Mystery*, aliipekua hadithi hii ukurasa kwa ukurasa. Wazo, anaonyesha, lilitoka kwa Luteni Kanali J. D. Belgrave wa makao makuu ya Allenby. Belgrave aliuawa vitani Juni 1918, kwa hiyo hakuwepo kudai chake. Mpanda farasi alikuwa Arthur Neate, ambaye kazi yake ya ujasusi ilimfunga mdomo kwa miaka mingi, kisha akajitokeza kusahihisha. Meinertzhagen alikuwa kwenye ofisi zilezile na alijua mpango. Hilo linaeleza kwa nini simulizi yake ina vipande vingi vilivyo sahihi. Mwongo stadi hujenga juu ya msingi wa kweli.

Hata tukimwachia sifa yote, bado kuna dai la pili: kwamba shanta ndiyo iliyoshinda vita. Watafiti waliosoma hati za upande wa pili, akiwamo Yigal Sheffy wa Israel, wameonyesha kwamba makamanda wa Kituruki na Kijerumani walizitilia shaka zile hati na hawakuzipa uzito ambao Waingereza walijivunia. Beersheba ilitekwa kwa maandalizi ya maji, mwendo wa usiku, udhibiti wa anga na wapanda farasi wa Australia walioshambulia jioni. Shanta moja haifanyi kazi ya vikosi hivyo.

"Alimwokoa Tatiana, akamtishia Hitler."

Alidai kwamba mwaka 1918 alishiriki kumwokoa kwa ndege binti wa mfalme wa Urusi, Tatiana. Familia ya Romanov iliuawa Yekaterinburg usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918. Mabaki yao yalifukuliwa 1991, na ya watoto wawili waliobaki yakapatikana 2007, vinasaba vikapimwa, na mabinti wote wanne wakajulikana walipo. Dai limekufa.

Kuhusu Hitler, alisimulia kwamba alimtembelea katika miaka ya 1930, na kwamba mara moja alikuwa na bastola mfukoni na nusura amwue. Shahidi pekee ni yeye.

"Angalau alikuwa mtaalamu mkubwa wa ndege."

Wanaokubali yote niliyosema hadi hapa mara nyingi hukimbilia hapa. Na kweli, nguruwe mkubwa wa msituni bado anaitwa kwa jina lake kisayansi, tangu 1904, kwa sababu alipeleka ngozi zake kutoka Kenya. Mwaka 1954 alilipatia Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la London ndege waliokaushwa wapatao 20,000.

Shida ni kwamba baadhi yao walikuwa wameshawahi kuwa mali ya makumbusho. Alipigwa marufuku kuingia chumba cha ndege kwa miezi 18 kwa kuchukua vielelezo bila ruhusa. Wafanyakazi walinong'ona kwa miaka, lakini ilikuwa hadi 1993 ambapo Alan Knox aliyaweka mambo hadharani, kisha Pamela Rasmussen na Robert Prys-Jones wakaingia kwa kina. Njia yao ilikuwa ya fundi. Kila mkaushaji ndege ana mkono wake: jinsi anavyojaza pamba, anavyoshona tumbo, anavyokaza miguu. Ukimpiga ndege eksirei, pamba na kijiti vilivyo ndani vinamtaja aliyemtengeneza, hata kama kibandiko kinasema vingine.

Mfano ulio wazi ni wa bundi mdogo wa misitu ya India. Meinertzhagen alisema alimpata Gujarat 1914. Rasmussen aligundua kwamba ndege huyo alikuwa amekusanywa na James Davidson katika miaka ya 1880, akaibwa, akajazwa upya na kupewa kibandiko kipya. Watu waliomtafuta bundi huyo walikuwa wanakwenda Gujarat kwa kufuata kibandiko cha uongo, wakarudi mikono mitupu. Rasmussen na wenzake walikwenda kwenye maeneo ya kweli, na Novemba 1997 wakamwona akiwa hai huko Maharashtra, zaidi ya karne moja tangu mara ya mwisho iliyo na uthibitisho. Kwa hiyo huu haukuwa uongo wa kujifurahisha tu. Ulipoteza miaka ya kazi ya watu waliotaka kumwokoa ndege asitoweke.

"Alimwua mkewe."

Sasa zamu ya wanaomchukia. Anne Jackson, mke wake wa pili, naye mtaalamu wa ndege, alikufa kwa risasi huko Scotland mwaka 1928, miezi michache baada ya kujifungua. Ilisemwa ni ajali ya bastola wakati wa kulenga shabaha, na mumewe alikuwapo. Wengi wanaamini alimnyamazisha kwa sababu alijua kuhusu ndege walioibwa. Huenda. Lakini hakuna ushahidi unaolibeba dai hili, na kuthibitisha kwamba mtu ni mwongo na mwizi si kuthibitisha kwamba alimwua mkewe. Wanaoandika habari zake hupenda kufunga kwa kisa hiki kwa kuwa kinanoga. Sioni kama kunoga ni sababu.

"Basi shajara zake zitupwe zote."

Hapana, ingawa naelewa anayesema hivyo. Mwaka 1995 mtafiti J. N. Lockman alionyesha kwamba kurasa zinazomhusu T. E. Lawrence (Lawrence wa Uarabuni) ziliandikwa miaka mingi baada ya tarehe zilizowekwa juu yake. Shajara tulizonazo zimepigwa taipu, kurasa zimeingizwa na nyingine kubadilishwa. Ukiiona tarehe, usiichukue kama siku ya kuandikwa.

Lakini msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuzisoma. Katika *Kenya Diary* Meinertzhagen anasimulia kwamba mwaka 1902, kulipiza kisasi kwa kuuawa kwa mlowezi mmoja katika nchi ya Wakikuyu, aliamuru kila kiumbe hai katika kijiji kile kiuawe isipokuwa watoto. Labda alitia chumvi. Angetia chumvi popote. Ila aliyachapisha mwenyewe mwaka 1957, wakati Kenya bado iko chini ya Hali ya Hatari na Wakikuyu wako kambini, na hakuona kwamba maneno hayo yangemwaibisha mbele ya wasomaji wake. Hilo tunaweza kulishika bila shaka, hata kama hesabu ya waliokufa hatuwezi.

Kuhusu Koitalel hatuhitaji hata kuifungua shajara. Kuna majalada ya tume za kijeshi, kuna kuondolewa kwake 1906, kuna masimulizi ya Wanandi, na kuna zile fimbo ambazo mwanawe alizitoa mikononi mwake.